Kitanda cha zamani: vanishi au rangi?

Kitanda cha mninga ulichoachiwa na bibi kina njia mbili za kurudi ujanani.

Vanishi ndiyo yenye kazi. Ile ya zamani unaikwangua kwa msasa namba 80, unapanda 120, unamalizia na 240, ukifuata nyuzi za mbao kila wakati. Ukisugua kwa kuzikata nyuzi, mikwaruzo itajianika mara vanishi ikigusa. Kisha pangusa vumbi kwa kitambaa chenye thina kidogo: mbao inalowa, na kwa muda mfupi ule wekundu wa mninga unajitokeza wote na michirizi yake. Hapo ndipo huwa nasahau mkono unauma. Paka mara mbili au tatu, nyembamba.

Rangi ya mafuta haina makuu: msasa wa kuondoa mng'ao, praima (rangi ya kwanza ya kushikiza), rangi mara mbili. Inaficha viraka na matundu ya misumari yaliyozibwa kwa puti. Kabati la chipubodi, ile mbao ya vipande vilivyogandishwa kwa gundi, lipe rangi tu. Vanishi haina cha kuonyesha pale.

Lakini mninga kuupaka rangi nyeupe? Mimi hapana, labda uwe umeliwa na bungua nusu nzima.