Tahadhari: Kijiti cha Chuma Kinachodaiwa Kupima Vitamini na Madini Mwilini

Ndugu zangu, hasa wenye wazazi wanaoishi jirani na masoko ya Dar es Salaam, naomba msome haya kwa makini, kwani yaliyompata mama yangu mwezi uliopita yanaweza kumpata mzazi yeyote.

Alipokuwa akitoka sokoni Mbagala, aliitwa na kijana mwenye koti jeupe aliyeketi chini ya mwavuli na kompyuta mpakato, akaambiwa kwamba kipimo cha mwili mzima ni shilingi 5,000 tu. Alipewa kijiti cha chuma chenye waya akishike kwa dakika moja, kisha akasomewa majibu: zinki imepungua, kalsiamu imepungua, vitamini B12 imekwisha kabisa na ini limechoka. Alirudi nyumbani na makopo manne ya virutubisho kwa shilingi 280,000, fedha alizokuwa akizidunduliza kununulia bati za banda la kuku. Baya zaidi, alishauriwa apumzishe vidonge vya presha ili mwili ujisafishe, naye akatii kwa siku tisa, hadi tulipompeleka zahanati akiumwa kichwa na kukuta presha imefika 190 kwa 110.

Nilikwenda mwenyewe kushika kijiti hicho. Kabla ya kunipima, kijana aliingiza kwenye kompyuta jina, jinsia, umri, urefu na uzito wangu. Nilitaja miaka 34, nikaambiwa nina upungufu mdogo wa madini ya chuma. Kesho yake nilimkuta mwenzake, nikataja jina jingine, miaka 58 na kilo ishirini zaidi, na kwa mkono uleule nikaambiwa mifupa imelika na vitamini D haipo. Hapakuchukuliwa hata tone moja la damu. Upungufu wa damu hupimwa kwa damu inayotobolewa kidoleni au kutolewa mshipani, na vitamini B12 au D huhitaji damu ya mshipa ipelekwe maabara.

Sipingi virutubisho. Mjamzito hupewa kliniki vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki kwa sababu ya msingi kabisa, na watoto wadogo hupewa matone ya vitamini A. Lakini vitamini A, D, E na K huhifadhiwa mwilini, wala ziada yake haitoki kwa mkojo kirahisi kama ya vitamini C, na vitamini A ya vidonge ikizidi kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana makopo yale yalinitisha: lebo ina picha ya machungwa na maneno "vitamini zote", lakini haionyeshi kiasi cha hata vitamini moja, wala jina la mtengenezaji. Kalsiamu ambayo mama aliuziwa kwa bei ile imo katika dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na vitamini C imo tele katika mapera ya uani kwake.

Mama amerudia dawa zake, na presha imeshuka. Juzi tulirudi na makopo mawili ambayo hayajafunguliwa tukadai fedha, lakini mwavuli haukuwepo, na mama lishe wa jirani alitueleza kwamba vijana wale hukaa wiki mbili tu kisha huhamia soko jingine.