TAHADHARI: Kioo cha mbele cha "orijino" kwa chini ya nusu ya bei, nimeishia kulipa mara mbili

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe nikirukaruka. Kuna muuzaji wa vioo vya magari anajitangaza mitandaoni kwa picha za vioo vilivyoegemezwa ukutani, chini pametandikwa blanketi jekundu. Maneno yake ni "orijino kabisa, nakufuata ulipo, saa moja kazi imekwisha". Mimi ni mmoja wa waliomwamini. Simtaji jina, maana hata hilo alilonipa sidhani kama ni lake, lakini namna anavyofanya kazi nitaieleza yote. Mwenye SUV ya kifahari asome polepole, huyu bwana anawinda magari ya aina hiyo.

Chanzo kilikuwa kokoto. Lori lililokuwa mbele yangu liliirusha, ikagonga kioo upande wa abiria na kuacha kidonda kidogo cha mviringo, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Leo najua kwamba kidonda kama hicho, kikiwa mbali na macho ya dereva na hakijafika ukingoni, mara nyingi huzibwa tu kwa resini inayoshindiliwa ndani na kukaushwa kwa taa ya urujuanimno. Hata kioo hakiondolewi. Lakini nilipomtumia picha, jibu lilikuja papo hapo: "Hicho kimekwisha bosi, wiki hii kitapasuka chote." Nikaingia woga.

Nikampigia wakala rasmi, nikatajiwa bei iliyonikalisha kitini. Nikarudi kwa bwana wa blanketi jekundu. Yeye akataja chini ya nusu ya ile, kazi na usafiri humo humo. Nilichotakiwa kushtukia hapo si bei. Ni kwamba hakuniomba namba ya chasisi. Aliuliza aina ya gari na mwaka, basi.

Ngoja nieleze kwa nini hilo ni jambo kubwa, maana hapa ndipo pesa yote ilipo. Kwenye gari la kawaida la zamani, aina na mwaka huenda vikatosha. Kwenye hizi SUV, magari mawili ya mwaka mmoja na rangi moja, yaliyopishana siku chache tu kiwandani, yanaweza kuwa na vioo tofauti kabisa, kutegemea mnunuzi wa kwanza aliagiza vikorombwezo gani. Zile herufi na tarakimu 17 za chasisi ndizo zinazomwonyesha muuza spea kioo gani kilifungwa. Anayekupa bei bila kuziona anakisia, au hajali.

Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo, katikati yake kuna utando wa plastiki unaoitwa PVB. Utando huo ndio unaoshikilia vipande kikivunjika, visikurukie usoni. Kwa gari la kawaida kazi imeishia hapo. Kwa haya yetu, kila kitu kimeongezewa kazi nyingine, na kila kazi ina bei yake. Kuna utando wa kunyamazisha kelele za upepo na injini. Range Rover nyingi zina nyuzi za joto, nyembamba kuliko unywele, huzioni mpaka jua lipige kwa ubavu. Kuna vioo vyenye tabaka ya metali ya kurudisha joto la jua. Kwa kuwa tabaka hiyo inazuia na mawimbi ya redio, kiwandani huacha kidirisha kisichopakwa karibu na kioo cha kutazama nyuma, ili vifaa vya kulipia barabara visome. Mwenzangu mmoja aliwekewa kioo cha namna nyingine, kifaa chake kikawa bubu, akabadilisha betri mara mbili kabla ya kujua mchawi ni nani.

Halafu kuna hedi-apu, ile taa inayoandika mwendo wako juu ya kioo ili usiinamishe macho. Gari langu inayo. Kioo cha gari yenye hedi-apu hakilingani unene: utando wake ni mnene kidogo juu na mwembamba chini, kama kabari, na tofauti yenyewe ni ndogo kiasi kwamba ukikishika mkononi huioni. Mwanga ukipiga kioo, uso wa ndani unarudisha picha na uso wa nje nao unarudisha yake. Kabari ndiyo inayozilaza picha hizo mbili mahali pamoja.

Alichoniwekea hakina kabari. Usiku wa kwanza barabarani nilikuwa nakwenda 80, na mbele yangu nikaona 80 mbili, moja imebebwa mgongoni na mwenzake. Mshale wa ramani nao ulikuwa na kivuli. Nikadhani ni uchovu, nikafuta kioo kwa mkono wa shati. Zikabaki mbili. Nilipompigia simu akaniambia, "Kitazoea bosi, hicho bado kipya." Kioo kinazoea!

Asubuhi nikainama kwenye pembe ya chini kutazama nembo. Jina la kampuni ya gari lilikuwepo, zuri kabisa. Nikalipitisha ukucha, herufi ya mwisho ikanyanyuka. Ilikuwa stika. Alama halisi imechapwa kwenye kioo chenyewe, haitoki kwa ukucha wala kwa petroli. Na alama hizo zinasomeka hata na asiye fundi. Herufi E ndani ya duara na namba kando yake inaonyesha nchi iliyokiidhinisha kioo: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E11 Uingereza. Hiyo ni nchi ya idhini, si lazima kiwe kimetengenezwa huko. 43R ni kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu vioo vya magari. Kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kitakuwa na DOT na namba yake, na kwa kioo cha mbele tafuta AS1. Mimi nilipobandua stika, chini yake hapakuwa na E wala DOT. Palikuwa na gundi ya stika.

Niwe mkweli lakini, kioo kisicho na nembo ya gari si lazima kiwe takataka. Kampuni za magari kwa kawaida hununua vioo kwa wenye fani kama Pilkington, Saint-Gobain, AGC au Fuyao, na hao hao huuza vioo vya ubora unaokaribiana bila nembo ya gari, kwa bei nafuu zaidi. Angeniambia "hiki si cha wakala, ila kimetoka kwa fulani na kina kabari ya hedi-apu", pengine ningekubali na tungebaki marafiki. Shida inakuja pale gari likiwa toleo jipya: hao wengine wanakuwa bado hawajaanza kukitengeneza, unabaki na njia ya wakala tu, na bei wanaipanga wao. Ongeza kwamba kioo hicho ni kipana, kimepinda pande zote, kinasafirishwa kwenye kreti na kinakula nafasi, na kikipata ufa njiani hakuna cha kuokoa. Sitetei bei ya wakala, nayo ina mafuta yake. Nasema tu kwamba haitoki hewani yote.

Sasa njoo kwenye gundi. Hii iliniuma kuliko kioo chenyewe.

Walikuja vijana wawili na kirikuu. Walikata gundi ya zamani kwa kisu, haraka haraka, na niliona kwa macho yangu kisu kikikwaruza rangi ya bodi mpaka chuma kikang'aa. Hawakupaka kitu pale. Wakaminya gundi mpya, wakabandika, wakabonyeza kwa viganja, kazi imekwisha kabla ya ile saa moja. Nilipofunga mlango nikasikia harufu kali ya siki. Nikafikiri labda ni dawa ya kusafishia. Siku tatu gari linanuka kama kachumbari.

Fundi niliyempelekea baadaye aliingiza pua tu akatikisa kichwa: silikoni. Silikoni ya kuzibia masinki na madirisha ya bafuni nyingi hutoa harufu ya siki inapokauka, na asidi yake inakula chuma. Kioo cha gari hufungwa kwa gundi ya poliurethani, ambayo haina harufu hiyo, na pale rangi ilipokwaruzwa lazima ipakwe praima, rangi ya msingi, kwanza, la sivyo kutu inaanzia chini ya gundi usikoona. Na si suala la maji kuvuja tu. Kwenye magari mengi eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa wa ajali, ikifumuka huegemea kioo cha mbele ndipo imgeukie mtu. Gari likipinduka, kioo kilichoshikwa vizuri husaidia paa lisibonyee. Kwa silikoni, eabegi inaweza kukisukuma kioo nje na kutoka nacho. Mke wangu ndiye anayekaa kiti kile.

Poliurethani nayo ina masharti. Hukauka kwa unyevu wa hewani, hivyo hewa kavu au ya baridi huichelewesha. Kila bomba limeandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi, na mtengenezaji hueleza muda wa kusubiri kabla gari halijaendeshwa: nyingine saa moja, nyingine saa nyingi. Fundi anayekuambia "washa uondoke" bila kutazama maandishi hayo, mwombe akuonyeshe bomba. Wangu walikuwa wamelifungia gazeti.

Nikaja kwenye kamera. Nyuma ya kioo cha kutazama nyuma, SUV nyingi za siku hizi zina kamera inayosoma mistari ya barabara na kusaidia gari kufunga breki lenyewe. Ukibadilisha kioo, kamera inatolewa na kurudishwa, na watengenezaji wengi wa magari wanataka ipimwe upya, kalibresheni. Baadhi ya magari hufanyiwa ndani: sakafu iliyo sawa, mabango maalumu mbele ya gari, vipimo vya milimita, upepo wa matairi ukaguliwe kwanza. Mengine huendeshwa barabarani mashine ya kompyuta ikiwa imechomekwa, na yapo yanayotaka vyote viwili. Hii ni sehemu nzito ya ile bei ya wakala, nami nilidhani ni ujanja wa kuniongezea bili. Chukua kalamu upige hesabu: kamera ikipinda digrii 1 tu, mita 100 mbele inakuwa imekosea karibu mita 1.75. Hiyo ni kama nusu ya upana wa njia ya gari. Yangu siku ya nne ilifunga breki yenyewe kwenye barabara tupu, nyuma yangu kuna basi. Dereva wa basi alinitukana na alikuwa na haki.

Sensa ya mvua sitaichelewesha. Hukaa kwenye jeli inayogusana na kioo, ikiingia hewa inachanganyikiwa. Waipa zangu zilikuwa zinafuta jua.

Mchezo mwingine wake ni bima. Kabla sijalipa aliniuliza kama nina bima inayolipia vioo, akataka nisaini fomu tupu ili "afuatilie mwenyewe". Hapo angalau nilikataa. Mtu akishika fomu yako tupu anaweza kuidai kampuni kioo cha wakala na kalibresheni ambayo hajafanya, wewe ukaja kuulizwa. Si mchezo wa kwetu peke yetu: jimbo la Florida huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2023 kuzuia mafundi wa vioo wasihamishiwe haki ya mteja ya kudai bima, kwa sababu ya kesi zilivyokuwa zimejaa.

Mwisho wa hesabu nimelipa kioo kipya chenye kabari, kukwangua kutu na kupaka rangi ukingoni, vipande vya mpira vya pembeni ambavyo huwa vinaharibika kwa kutolewa, poliurethani, na kalibresheni. Jumla imepita bei ya wakala ya mwanzo. Kioo changu cha zamani, kile cha kidonda cha ukucha, vijana wale waliondoka nacho. Nimegundua baadaye kwa nini: kilikuwa orijino, kina kabari, kina nembo ya kweli, na kwa resini kidogo kinauzika. Msikubali kioo chenu kiondoke.

Mkimkuta, mtamtambua kwa haya: haombi chasisi, haulizi kamera wala hedi-apu, hatoi risiti yenye namba ya spea, anataka malipo yote kabla vijana hawajashuka garini, na ana haraka.

Namba aliyonipigia haipatikani tena. Juzi nimeona picha zilezile, blanketi jekundu lilelile, jina jipya. Nikamwandikia kwa simu ya mdogo wangu nikijifanya mteja, nikamtajia gari ambalo halijawahi kutengenezwa na kampuni yoyote duniani, jina nimelitunga nikiwa kitandani, toleo la mwaka ujao, lenye hedi-apu. Jibu lilirudi haraka kama lile la kwanza.

"Kipo bosi, orijino. Nikuletee leo?"