Pathaan ukumbini na Pathaan nyumbani: uzoefu wangu wa kumpokea Sharukh upya

Pathaan ni picha ya kijasusi ya Kihindi ya Shah Rukh Khan, Sharukh wetu. Anayetaka kujua tu kama hela ya tiketi ilipotea, jibu langu ni hili: haikupotea, ila kwa aliyeenda ukumbini, wiki ya kwanza, onyesho la usiku. Ukiiangalia Pathaan kwenye simu umelala kitandani, utatuona sote tuliopiga vigelegele kuwa tumechanganyikiwa. Mimi nimeiona kote kuwili.

Shah Rukh Khan alitoa picha yake Zero Desemba 2018, ikaanguka, naye akakaa kimya. Miaka minne ikapita bila picha aliyoibeba mwenyewe. Mwaka 2022 alichungulia dakika chache kwenye picha za wenzake, ikawa kama kumwonjesha mwenye njaa. Katikati ya hapo korona ilifunga kumbi, na huko India kwenyewe maneno yakawa mengi kwamba zama za akina Khan, yaani mastaa Shah Rukh, Salman na Aamir, zimekwisha. Ndipo ikatangazwa kuwa Pathaan itatoka tarehe 25 Januari 2023, mwenyewe akiwa na miaka 57. Hakuzunguka kwenye vyombo vya habari kuinadi kama kawaida yao; alikuwa anajibu maswali ya mashabiki Twitter, basi. Wanaompenda ndio waliofanya kazi ya kuitangaza.

Kwetu kazi hiyo ilifanywa na mama mdogo. Huyu ndiye aliyetulea kwa kanda za kukodi, akilia na kila harusi iliyovunjika Mumbai. Alipanda basi kutoka Tanga, kisingizio ni kumwona mjukuu, akanikabidhi hela ya tiketi kabla hajavua viatu. "Kata za katikati, mwanangu. Usiniweke pembeni nikamwona Sharukh upande."

Ukumbi wenyewe, mmoja wa hapa Dar ambao sitautaja, ulitupa mchanganyiko. Viti vizuri, picha imetulia, spika zinatikisa kifua, na kwa picha ya namna hii ndivyo inavyotakiwa. Lakini tulichelewa kuanza, matangazo hayaishi, na kiyoyozi kilikuwa kikali kiasi kwamba wazoefu walishajifunika mitandio mapema. Bisi bei yake sitaki kuikumbuka. Lililoniudhi hasa ni maandishi ya tafsiri kuwa ya Kiingereza pekee, ilhali nusu ya waliojaa mle hawakuja na Kiingereza, walikuja na mapenzi. Bahati yetu mama mdogo Kihindi cha sinema amekifundishwa na miaka, na safu yetu ikapata Lufufu wake, yule mtafsiri maarufu wa kanda. Aliyekaa nyuma alitusonya mwanzoni. Kufikia nusu ya picha alikuwa ameinama mbele na yeye asikie.

Sasa dakika yenyewe. Mwongozaji, Siddharth Anand, anajua watu wamelipia nini, kwa hiyo hana haraka ya kukupa uso. Unamkuta mtu amekamatwa, amepigwa, nywele ndefu, damu imemtapakaa, watu wanajiuliza kama bado yuko hai. Yuko hai! Ukumbi ulilipuka. Miluzi, vigelegele, mtu mzima kabisa mbele yetu kasimama na kupiga saluti. Sentensi mbili tatu baada ya hapo hakuna aliyezisikia, na hakuna aliyelalamika. Nikamtazama mama mdogo, nikakuta amesahau hata kutafsiri.

Hadithi? Nyepesi. Kuna jasusi aliyegeuka, Jim, anayechezwa na John Abraham. Kuna kirusi cha ndui kilichotengenezwa maabara kiangamize watu. Na kuna Deepika Padukone ambaye hujui yuko upande gani, na nadhani waandishi nao walisita. Pikipiki zinafukuzana juu ya barafu ya Ziwa Baikal, watu wanapigana angani wakiwa na mabawa ya injini migongoni. Mwenye kutaka sheria za fizikia zifuatwe abaki nyumbani. Malalamiko yangu ya kweli ni moja: Jim ana sababu nzito kuliko staringi. Mkewe mjamzito aliuawa mbele yake kwa sababu serikali yake haikukubali kulipa fidia ya watekaji, kisha sisi tunatakiwa tumchukie tu. Abraham alistahili nusu saa zaidi ya kuungwa mkono au kupingwa.

Lakini picha inajijua. Katikati wanazungumzia ufundi wa Kijapani wa kuunga vyungu vilivyovunjika kwa dhahabu, eti ndivyo walivyo askari majeruhi waliokusanywa upya, na kila aliyekaa mle alijua anayezungumziwa si askari. Halafu kwenye treni, Pathaan amepigwa hadi hajiwezi, paa linatobolewa na anaingia Salman Khan akiwa Tiger, jasusi wa picha zake nyingine. Hapo sina cha kuandika kwa sababu sikusikia chochote. Nilipigwa kiwiko.

Wimbo wa Jhoome Jo Pathaan ulipoanza mwishoni, vijana walishuka kucheza mbele ya skrini, na wahudumu waliokuja na mifagio wakasimama kusubiri. Hilo nawapongeza, wangeweza kuwasha taa na kutufukuza.

Tarehe 22 Machi mwaka huohuo ikaingia Prime Video, ikiwa na vipande vilivyokatwa ukumbini, kikiwemo cha mateso yake gerezani Urusi. Nikaifungua kwa hamu, bando likateketea. Vipande hivyo vinasaidia kidogo hadithi ieleweke, sikatai. Ila pale alipofunuliwa uso nilisikia feni ya chumbani. Nikaanza kuona mashimo ya hadithi niliyoyaruka, nikajikuta nasogeza mbele. Mwenye nia ya kuichambua atapata faida huko; mimi picha hii naidai kelele.

Duniani ilivuka rupia bilioni 10, na ndani ya mwaka huohuo akaja na Jawan Septemba, kisha Dunki Desemba. Kwa wanaokwenda kumwona Sharukh ukumbini, msikimbilie mlangoni majina yakianza kupanda. Kwenye Pathaan, Khan wote wawili wanakaa chini mwishoni, wazee wamechubuka, wanajiuliza kama wastaafu na nani wamwachie kazi, na wanaamua kwamba jambo la nchi haliachiwi watoto. Mama mdogo alicheka mpaka kwenye bajaji.

Jawan tulienda naye tena. Dunki nilienda peke yangu. Mama mdogo alisikia Sharukh kavalishwa uzee mle ndani, akanijibu kwamba wazee Tanga wapo bure.