Blanketi la viraka: kaa wa Space Invaders au ikoni ya Macintosh?

Yule kaa wa Space Invaders, mchezo wa video wa Kijapani wa 1978, anaenea kwenye miraba 88 tu, 11 kwa 8. Kata kiraka cha sentimita 12 kwa kila mraba, ongeza pindo jeusi pana, na blanketi la kochi limepatikana.

Ikoni, yaani picha ndogo za skrini, alizochora mbunifu Susan Kare kwa Macintosh, kompyuta ya Apple ya 1984, ni miraba 32 kwa 32, yaani viraka 1,024! Hapo kazi iko kwenye pasi: mishono ya mstari huu ilale kulia, wa pili kushoto, ndipo pembe zikutane sawasawa.

Anayeanza namshauri kaa. Lakini moyo wangu uko kwa ile ikoni ya Kare ya kompyuta inayotabasamu. Ukiitazama kutoka mlangoni, viraka havionekani tena, unauona uso.