Tahadhari: Wakala anayeuza "viza ya kusoma Kifaransa" hapa Malindi

Ndugu wakaazi wa Malindi, Watamu, Gede na Mambrui, assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Natoa tahadhari hii kuhusu wakala mmoja ambaye, tangu hoteli za ufukweni zilipopunguza wafanyakazi baada ya msimu wa kaskazi, amekuwa akiwaendea vijana waliobaki bila kazi pamoja na wazazi wao, akiwauzia anachokiita kifurushi cha viza ya kusoma Kifaransa nchini Ufaransa. Jina lake silitaji kwa kuwa malalamiko yamekwisha kufikishwa polisi. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, ili atakayekutana naye, au na mwenziwe atakayekuja kwa jina jingine, apate kumtambua mapema.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa cha kuanzia, na wanafunzi wangu wengi ni wahudumu wa hoteli na waongoza watalii. Wazazi huniletea barua walizopewa na wakala huyu niwasomee, maana zimeandikwa kwa lugha wasiyoijua, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Kifurushi chake huuzwa kwa shilingi 280,000. Nusu yake hutakiwa iwe arubuni, na hulipwa kwa M-Pesa kwenye laini yake binafsi, si kwenye akaunti ya kampuni. Pasipoti ya mteja huchukuliwa siku hiyo hiyo. Kwa malipo hayo anaahidi mambo manne: viza ya mwaka mmoja yenye uhakika wa kutoka, ruhusa ya kufanya kazi muda wote, kutolazimika kufika Nairobi, na kutolazimika kuonyesha akiba yoyote, kwa kuwa mambo ya benki "atayapanga" yeye. Ahadi zote nne ni za uongo, na uongo wa kila moja unaweza kuthibitishwa na mtu yeyote mwenye simu ya intaneti.

Nianze na barua ya shule. Barua niliyoonyeshwa inasema kwamba mwanafunzi amekubaliwa katika kozi ya wiki sita, saa nne kwa wiki, masomo ya jioni. Mzazi alikuwa ameambiwa kuwa hiyo ndiyo barua ya viza ya mwaka mzima, naye akaamini, kwani ina mhuri na bendera. Ukweli ni kwamba Ufaransa hutenganisha safari za masomo kwa urefu wake. Anayekwenda kwa kozi isiyozidi siku 90 huomba viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo humruhusu kukaa hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180 na haimpi ruhusa ya kuajiriwa. Anayekwenda kwa zaidi ya miezi mitatu huomba viza ya muda mrefu ya mwanafunzi, na kwa Mkenya ombi hilo hupitia utaratibu uitwao Études en France, unaosimamiwa na Campus France, taasisi ya serikali ya Ufaransa inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Humo mwombaji hufungua faili lake mwenyewe, hueleza kwa nini anataka kusoma Kifaransa na atakifanyia nini baadaye, na huhojiwa. Sasa niambieni, kijana ambaye hajawahi kuliona faili lake, wala hajui limeandikwa nini ndani yake, atajibu nini akiulizwa mpango wake wa masomo?

Zaidi ya hayo, aliyeingia Ufaransa kwa viza ya muda mfupi kwa kawaida hawezi kuigeuza kuwa ya mwanafunzi akiwa huko huko. Hutakiwa arudi kwao aombe upya. Kwa hiyo hata kama barua ile ya wiki sita ingekuwa ya kweli, na hata kama viza ingetoka, kijana angefika na kukuta muda wake unakwisha kabla hajamaliza kuzoea baridi. Wakala analijua hilo. Ndiyo maana anapoulizwa mkataba ulioandikwa muda wa viza hutoa udhuru kwamba mambo ya ubalozi hayaandikwi.

Kuhusu Nairobi, hakuna njia ya kukwepa kufika huko. Mwombaji hufika mwenyewe kuwasilisha maombi, hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Kwa viza ya muda mfupi, alama zilizochukuliwa huweza kutumika tena kwa miezi 59, lakini kijana anayeomba kwa mara ya kwanza hana alama zilizohifadhiwa, na wakala hawezi kumpelekea vidole. Ukisikia mtu anasema kwamba yeye ana mtu wake ndani ya ubalozi atakayeipitisha pasipoti bila mwenyewe kuonekana, ondoka hapo na pasipoti yako mkononi.

Ada nazo si siri. Viza ya muda mfupi ya Schengen hutozwa yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Viza ya muda mrefu ni yuro 99, na kwa mwanafunzi aliyepitia utaratibu wa Campus France hushuka hadi yuro 50, mbali na ada ya kushughulikia faili na ile ya kituo cha kupokelea maombi. Jumlisha na nauli ya basi kutoka Malindi hadi Nairobi, kulala na kurudi, bado huifikii hata robo ya shilingi 280,000. Naelewa kuna watu wanaolipia msaada wa kujaza fomu, na hilo peke yake si kosa. Mtu akikujazia fomu mlipe ujira wake. Lakini huyu anatoza bei ya viza, na viza hana.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu kuliko pesa zenyewe. Mwanafunzi anayeomba viza ya muda mrefu hutakiwa athibitishe uwezo wa kujikimu, na kiwango kinachotajwa ni yuro 615 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hiyo ni yuro 7,380, yaani takriban shilingi milioni moja, ziwe za mwombaji mwenyewe au za mdhamini anayeweza kueleza zilikotoka. Wakala wetu huliondoa tatizo hili kwa kumtengenezea mteja taarifa ya benki. Nimeiona mojawapo: baba ambaye ni mvuvi, na ambaye akaunti yake haijawahi kuvuka elfu themanini, ameandikwa kuwa na milioni moja na laki nne, na amana zake zinaingia tarehe ile ile kila mwezi kana kwamba bahari hulipa mshahara. Pamoja na karatasi hiyo kuna fomu yenye sahihi ya mwanawe, inayosema kwamba yote yaliyoambatishwa ni ya kweli. Ikigunduliwa, na benki hupigiwa simu, atakayeulizwa ni mwenye sahihi. Wakala hakuandika jina lake popote. Maombi ya viza ya muda mfupi yakikataliwa, rekodi hubaki katika mfumo wa pamoja wa viza wa nchi za Schengen kwa muda wa hadi miaka mitano, ambamo huonekana na balozi za nchi nyingine za Schengen pia, hata na Italia, ambako familia nyingi za Malindi zina ndugu. Kijana aliyetaka kujifunza Kifaransa hujikuta ameweka doa hata kwenye safari ya kumtembelea dada yake Milano.

Ahadi ya kazi ya muda wote nayo ina ukweli nusu, na ndiyo maana inauzika. Mwenye viza ya muda mrefu ya mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, ambazo ni asilimia 60 ya muda wa kazi wa kisheria Ufaransa. Ni kazi ya nyongeza kwa mwanafunzi anayehudhuria darasani. Anayelipiwa nauli kwa kuuza shamba la mnazi, akitarajia kutuma pesa nyumbani kuanzia mwezi wa kwanza, amedanganywa. Tena viza hiyo yenyewe lazima ithibitishwe kwenye mtandao ndani ya miezi mitatu baada ya kuwasili, pamoja na malipo ya kodi yake. Asiyefanya hivyo huhesabika kuwa anakaa bila kibali. Wateja wote niliozungumza nao walikuwa hawajawahi kulisikia jambo hili.

Huenda mtu wa mbali akauliza kwa nini watu wazima, wenye akili zao, wanampa mgeni pasipoti. Hapa Malindi karibu kila mtaa una mtu aliyekwenda Ulaya kwa kushikwa mkono na mtu anayemjua, mara nyingi Mwitaliano aliyekuja kwa likizo akageuka rafiki wa familia, na aghalabu aliyesafiri hakueleza karatasi zake zilipitia wapi. Kwa hiyo safari ya kupitia kwa "mtu" haionekani ya ajabu, na ofisi za serikali ndizo zinazoonekana za kutiliwa shaka. Wakala huyu anaijua tabia hiyo vizuri. Huja barazani baada ya Alasiri, huwaamkia wazee kwa adabu, huonyesha kwenye simu picha za viza zilizofichwa majina, kisha huwaingiza wateja katika kundi la WhatsApp ambamo kuna mtu anayejiita mwanafunzi wake wa zamani aliyeko Lyon. Mwanafunzi huyo nilimwandikia Kifaransa chepesi kabisa, nikamwuliza anakaa sehemu gani ya mji. Hakujibu, na mimi nikatolewa kwenye kundi.

Anayetaka kweli kwenda kusoma Kifaransa aanze kwa kuihakiki shule. Serikali ya Ufaransa ina alama ya ubora iitwayo Label Qualité FLE, iliyoanzishwa mwaka 2007, inayotolewa kwa vituo vya kufundishia Kifaransa kwa wageni baada ya kukaguliwa, na orodha ya vituo hivyo iko wazi. Chukua anwani ya shule kutoka kwenye tovuti ya shule yenyewe, usiichukue kwenye barua uliyopewa na wakala, uiandikie kuuliza kama jina lako limo. Tovuti rasmi ya viza ni France-Visas, na anwani yake huishia kwa gouv.fr, nyingine yoyote inayofanana nayo na kuishia vinginevyo usiijaze. Na ambaye hajaanza lugha kabisa, Alliance Française ipo Mombasa, safari ya saa chache tu. Akipata kwanza cheti cha DELF, yaani cheti rasmi cha Ufaransa cha kujua Kifaransa, cha ngazi za mwanzo za A1 au A2, cheti hicho hakina mwisho wa muda, na kitampa la kusema siku ya mahojiano.

Kwa waliokwisha kulipa, fanyeni haraka. Kama pesa zimetumwa muda mfupi uliopita, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 kuomba urejeshwe, ingawa mara nyingi mpokeaji huwa amekwisha kuzitoa. Laini yenyewe iripotiwe kwa 333. Usifute ujumbe wowote wa WhatsApp, hata ule wa aibu, na upige picha stakabadhi zote. Nenda kituo cha polisi uandikishe malalamiko na uhakikishe umepewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka mitatu, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba hilo ni deni tu la kumalizana nyumbani. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Kenya. Wakala hana haki ya kuishika kama rehani hadi umalizie nusu iliyobaki, na akikataa kuirudisha hilo nalo liandikwe katika malalamiko.

Kama faili limekwisha kupelekwa kwa jina lako likiwa na karatasi usizozijua, andika mwenyewe kuomba liondolewe kabla halijaamuliwa, na uhifadhi nakala ya barua hiyo. Ambao walitia sahihi fomu tupu wanijulishe kupitia mwalimu wao wa darasa au imamu wa msikiti wao. Tunakusanya nakala za barua zote za shule alizotoa wakala huyu, kwa sababu tulizonazo mpaka sasa zina nambari moja ya usajili kwa wanafunzi tofauti, na mpelelezi ameomba azione zote pamoja.