Propela za droni ndogo ya kurushia ndani: uanze na zipi?

Kabla ya kulipia pakiti yoyote, chomoa betri, toa propela moja kwenye droni yako, kisha upime unene wa shafti ya mota, ule mchuma mwembamba unaoshika propela. Kwenye droni hizi ndogo shafti huwa ya milimita 1.0 au 1.5, na tofauti hiyo ya nusu milimita ndiyo inayowapotezea watu fedha kuliko kosa lingine lolote. Mwaka jana niliagiza pakiti tatu mtandaoni. Muuzaji alikuwa ameandika “31mm” na basi. Wiki nne baadaye zikafika Dar es Salaam, zote zina tundu la 1.5, na shafti zangu ni za 1.0. Zilikuwa zinaingia na kutoka bila kugusa popote. Hakuna gundi ya kuokoa hali hiyo, wala usijaribu, maana ikimwagikia ndani ya mota na mota nayo imekwenda. Tangazo lisilotaja kipimo cha tundu, muulize muuzaji au mpite.

Ninazungumzia droni zinazoitwa Tiny Whoop, zile zenye duara la plastiki kuzunguka kila propela. Zilienea kuanzia 2016, baada ya Mmarekani Jesse Perkins kufunga kamera ndogo ya FPV, yaani ya kurusha ukiona kwa miwani kile ambacho droni inakiona, kwenye droni ndogo ya Inductrix ya chapa ya Blade. Duara hizo ndizo zinazokuruhusu kugonga ukuta, mguu wa meza au nondo za dirisha na kuendelea kuruka. Ndizo pia zinazokuwekea mpaka wa ukubwa. Fremu ya milimita 65, ikipimwa kwa mshazari kutoka mota hadi mota, huchukua propela za milimita 31. Ya milimita 75 huchukua za 40, ingawa zipo mpya zenye duara pana zinazochukua hadi 45.

Sasa zile namba za kwenye pakiti. Kwa propela ya kampuni ya Gemfan, 1208 maana yake upana ni inchi 1.2, sawa na milimita 31 hivi, na mwinamo wa panga ni inchi 0.8. Fikiria skrubu ikiingia kwenye ubao: mwinamo ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa ngumu kama mbao. Mwinamo ukiwa mdogo, mota inazunguka kwa wepesi na betri inadumu. Ukiwa mkubwa, kila mzunguko unasukuma hewa nyingi zaidi, lakini mota inabeba mzigo na umeme unakwenda.

Kwa sebule, chumba au korido, chaguo langu la kwanza ni propela ya milimita 31 yenye mapanga matatu na mwinamo mdogo. Hiyo 1208 ndiyo ninayoiweka kwenye droni yangu na ndiyo ninayompa anayeanza. Ndani ya nyumba kasi haina pa kwenda. Unachohitaji ni droni inayotii ukigusa stiki kidogo, ipite chini ya kiti, ipande taratibu mpaka karibu na pangaboi bila kuruka ghafla. Mwinamo mdogo unakupa nafasi pana ya kucheza na stiki: kati ya kushuka na kupanda kuna hatua nyingi ndogondogo ambazo kidole kinaweza kuzihisi. Mapanga matatu nayo yanashika hewa vya kutosha ili ukikata kona droni isiteleze hadi kwenye kabati.

Ya pili ni ya mapanga mawili, mfano Gemfan 1210. Ni nyepesi, mota inaichangamkia haraka, na kwa betri ileile unaruka muda mrefu zaidi. Kama una betri mbili tu na chaja inasuasua, faida hiyo utaiona siku ya kwanza. Udhaifu wake unajitokeza unaposhuka wima. Droni inaingia kwenye upepo ilioupuliza yenyewe na kuanza kutikisika, na picha kwenye miwani inatikisika nayo. Kwenye kona kali pia inapitiliza kidogo. Mtu mwenye mkono uliozoea anaweza kuipenda kuliko ya kwanza, na simlaumu.

Nafasi ya tatu naiweka 1219, mapanga matatu tena lakini mwinamo wa inchi 1.9. Hii ni ya ukumbi, ghala au uwanja wa ndani wa michezo, mahali penye nafasi ya kunyoosha. Sebuleni inakimbia kuliko unavyotaka, na betri ya seli moja iliyochoka haiiwezi: volti inaanguka kila unapopandisha.

Za mapanga manne, kama za HQProp, ziko mwisho kwa fremu ya 65. Zinashuka kwa utulivu kweli na sauti yake si kali kama ya mapanga mawili, kwa hiyo anayetaka video laini ana sababu ya kuzitafuta. Ila zinakula umeme. Kwenye betri ya mAh 300 dakika zinapungua waziwazi, na betri kuukuu itaanza kulia tahadhari mapema.

Mwenye fremu ya 75 aanze na mapanga matatu ya milimita 40, Gemfan 1635, au achukue 1610 ya mapanga mawili kama anataka muda mrefu hewani. Huku mapanga manne, 1636 kwa mfano, yana nafasi nzuri zaidi kwa sababu betri zenyewe ni kubwa. Usikisie shafti kwa kuangalia fremu. Mota za saizi ya 1102 na 1103 mara nyingi zina shafti ya 1.5, lakini pima.

Pakiti nzuri ina propela nne au nane, nusu za kuzunguka kufuata saa na nusu za kinyume chake. Zinazofanana zinakaa kwenye kona zinazotazamana kwa mshazari, maandishi yakiangalia juu. Droni zingine hutoka kiwandani zimepangwa mzunguko uliogeuzwa, kwa hiyo kabla hujang'oa zote nne piga picha, au fungua Betaflight, programu ya kupangia droni, kwenye ukurasa wa mota uone mishale. Ukikosea, droni itapinduka palepale sakafuni unapoiwasha mota.

Usichanganye aina mbili kwenye droni moja, na usiendelee na panga lililopinda eti bado linaruka. Mota ya saizi ya 0802 yenye KV 22,000, yaani mizunguko 22,000 kwa dakika kwa kila volti, ikipewa volti 4.2 inaweza kuvuka mizunguko 90,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ikibeba propela inapungua sana, lakini bado ni kasi ambayo panga lililopinda kidogo tu linaitingisha fremu nzima, jairo, yaani kihisi cha mzunguko wa droni, inasoma mtikisiko huo kama mwendo, bodi inayoiongoza droni inahangaika kusahihisha, na mota zinapata moto. Watu wengi wameshanunua mota mpya wakati tatizo lilikuwa propela. Wakati mwingine si hata propela: ni unywele au uzi wa zulia uliojizungusha chini yake. Angalia hapo kwanza, uutoe kwa kibano.

Kuing'oa kunataka subira. Tumia kile kifaa bapa chenye mpasuko kinachokuja kwenye boksi la droni, ukipenyeze chini ya propela na uinue pande zote kwa usawa. Ukiinua upande mmoja unapinda shafti, au unaichomoa kengele ya mota, ile sehemu ya juu inayozunguka, pamoja na propela. Ya kurudisha sukuma wima kwa kidole, bila kuigandamiza hadi isage juu ya mota. Acha mwanya mwembamba kama karatasi mbili. Kila inapong'olewa, tundu linapanuka kidogo. Siku propela ikitoka kwa kuvutwa na vidole viwili tu, hiyo itupe, kwa sababu hewani nayo itatoka.