Uzoefu wangu: Kumtumia dalali kutafuta Coccinelle ya zamani Lubumbashi

Kwa miaka mitatu nilitafuta Volkswagen Coccinelle, ile ambayo wengine huiita Beetle, ya kufufua, na muda wote huo nilitafuta peke yangu, nikichungulia kila ua wa Bel-Air na Makomeno wenye kitu kilichofunikwa turubai, bila kupata chochote. Mwezi wa Aprili mwaka jana niliamua kumlipa dalali, yaani komisionere kama tunavyosema hapa Lubumbashi, ambaye riziki yake ya kila siku ni nyumba za kupanga, lakini anajulikana pia kwa kujua magari yaliyolala. Tulikubaliana dola 100 za utafutaji zilipwe mwanzoni, na asilimia kumi ya bei ya gari siku ya kununua. Sharti hilo la pili lilikuwa kosa langu, na nitalieleza.

Nianze na sifa, kwa kuwa anastahili. Mimi nilikuwa nawatafuta wenye magari. Yeye aliwatafuta mafundi. Alipita gereji za Kamalondo na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, akiwauliza wazee waliostaafu ni Coccinelle zipi walizowahi kuzifungua injini, na mara ya mwisho walizitengenezea wapi. Mwenye gari hufa au huhama, naye fundi hukumbuka gari kwa ugonjwa wake. Magari mengi ya aina hii yaliletwa na watu wa migodi na wa ofisi, kisha yakabadili mikono kwa haraka, kwanza katika miaka ya vurugu baada ya 1960, halafu tena baada ya Novemba 1973, biashara za wageni zilipokabidhiwa wananchi. Ndiyo maana unaweza kukuta gari zima kabisa ambalo karatasi zake zina jina la mtu ambaye hakuna jirani anayemkumbuka.

Gari la kwanza alilonionyesha lilikuwa Kipushi, nalo lilikuwa na usukani upande wa kulia, kwa sababu lilitoka Zambia. Nililikataa papo hapo. La pili lilikuwa Katuba, na hilo linaniuma hadi leo. Tulipopata habari zake tulichelewa siku nne tu kwenda kuliona, na tulipofika tulikuta bodi limelala kifudifudi, injini imeshaondolewa, na mahali pa giaboksi pamebaki doa la oili kwenye vumbi jekundu. Wakusanya vyuma walikuwa wametangulia. Vichwa vya injini ya Coccinelle ni vya alumini na bloku yake ni mchanganyiko wa magnesiamu, kwa hiyo kwa mtu anayeuza vyuma chakavu kwa kilo, injini ile ina thamani hata ikiwa imekufa kabisa. Mwenye kiwanja aliniambia bei aliyolipwa, nami nilikuwa tayari kumlipa mara sita ya hiyo. Kwa anayetafuta magari ya zamani katika mji huu, mshindani wake wa kweli ni sufuria, maana alumini hiyo huyeyushwa ikawa sufuria.

La tatu lilikuwa Likasi, katika mtaa wa Kikula, kilomita zipatazo 120 kutoka hapa. Dalali alinitumia picha tano kwa WhatsApp, zote za upande wa kushoto, pamoja na ujumbe wa sauti akisema kwamba gari ni la mwaka 1959, la Mbelgiji, injini yake ni ya kiwandani na haijawahi kuguswa, bei dola 1,800, na kwamba nitume malipo ya kwanza siku hiyohiyo kwa sababu kuna mtu wa Kolwezi anayelitaka. Sikutuma. Nilipanda basi asubuhi yake.

Mwenyewe ni mzee aliyefanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, hadi 2003, mwaka ambao zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni hiyo waliondoka kwa pamoja. Nilipomwamkia, kabla hata hajanikaribisha kiti, aliuliza, "Mwanangu, umekuja kuendesha au umekuja kukata?" Nilimjibu kwamba nimekuja kuendesha, na tangu hapo tulielewana. Gari lilikuwa chini ya paa la mabati, juu ya matofali, na madirisha yote mazima.

Nililokwenda kulifanya lilikuwa moja: kusoma namba ya chesisi. Kibati cha utambulisho, ambacho hukaa mbele nyuma ya gurudumu la akiba, hakikuwepo. Lakini namba yenyewe ya chesisi imegongwa kwenye tuta la katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Tulikinyanyua kiti, nikamwaga mafuta ya taa kidogo, nikasugua kwa brashi ya waya na kufuta kwa kitambaa, hadi tarakimu zikajitokeza moja moja kutoka kwenye tope la miaka: 1, 1, 6, kisha nyingine sita. Kwa Coccinelle za kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu ndiyo inayotaja mwaka wa modeli. Hilo basi ni gari la 1966, lililotengenezwa kati ya Agosti 1965 na Julai 1966, miaka zaidi ya mitano baada ya uhuru wa Kongo. Mzee hakushangaa hata kidogo. Yeye hakuwahi kumwambia mtu kwamba ni la 1959.

Injini nayo ilikuwa na maneno yake. Kifuniko cha nyuma kina nembo ya 1300, yaani ukubwa wa injini, lakini namba iliyo chini ya dinamo inaanza na herufi D, ambayo ni ya injini ya 1200. Ya 1300 ingeanza na F. Ama injini ilibadilishwa, ama nembo. Kisha nikachoma sakafu kwa bisibisi upande wa kulia, pale betri inapokaa chini ya kiti, nayo ikazama hadi kwenye mpini, kwa sababu asidi ilikuwa imekula bati lote kwa upana wa sinia. Picha zilipigwa upande wa kushoto kwa sababu hiyo. Karte roze, yaani hati ya usajili wa gari, ilikuwepo na namba yake ililingana, na katika hilo dalali alisema kweli.

Tulimalizana na mzee kwa dola 1,300, na nilimweleza kila kasoro niliyoiona. Dalali alinuna, kwani kila dola mia iliyopungua ilimpunguzia kumi. Hapo ndipo nilipoona ubaya wa asilimia: nilikuwa nimemwajiri mtu anisaidie, kisha nikampangia malipo yanayomfanya atamani nilipe zaidi. Hata hivyo nilimlipa haki yake yote, kwa sababu gari alilipata yeye, na bila yeye lingekatwa.

Sasa gari liko kwa fundi wa bodi, anaiunda upya nusu ya sakafu ya kulia. Namba ya chesisi nimeituma Wolfsburg, kwenye jumba la makumbusho la Volkswagen linalotoa cheti cha kuzaliwa cha gari, ili nijue lilitoka kiwandani na injini gani na rangi gani, maana chini ya rangi nyeupe ya mzee tumekuta buluu.

Dalali yuleyule nimemrudia. Anatafuta injini ya 1300, kwa malipo ya dola 80 yasiyopanda wala kushuka, na tumeandika kwenye karatasi kwamba hapati hata faranga moja kabla sijaona picha ya karibu ya namba iliyo chini ya dinamo, ikianza na F. Wiki iliyopita ameniletea mbili. Zote zilikuwa D, lakini safari hii picha alizipiga mahali panapotakiwa.